Mkono Usiokataa

Gwakisa alivua kofia yake ya sufu mlangoni, akaikung'uta umande, kisha akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyekuja kutoa pole. Sekela akajua mara moja kwamba huyu hakuletwa na ugonjwa. Mgonjwa huingia na kikohozi chake au kidole chake kilichovimba. Mwenye jambo la ndoa huingia na kofia mikononi.

Akamkaribisha kiti karibu na jiko la umeme. Kituo cha afya cha Lwandilo kilikuwa na chumba kimoja tu cha kazi, kimejishikiza ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Gwakisa alilima viazi upande wa pili wa minara ya upepo, na kicheko chake kilijulikana hadi gulioni. Siku hiyo alikiacha nyumbani. Aliuliza habari za baridi, akauliza habari za umeme, akauliza habari za Ambokile, mume wa Sekela, kule ziwani. Sekela akajibu nzuri, nzuri, nzuri, ile ya mwisho kwa haraka kidogo. Hapo Gwakisa akaishiwa na habari za kuuliza, akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Sista, naomba uniazime ule mkono."

Ulikuwa mkono wa mazoezi, wa mpira, kuanzia kiwiko hadi vidole, rangi yake chai iliyozidishwa maziwa. Ndani yake, chini ya ngozi ya bandia, kililala kijiti cha uzazi sawasawa na vile walivyowekewa watu wote wa nchi ile walipobalehe, wake kwa waume. Manesi wapya walijifunzia kwenye mkono huo namna ya kupasua ngozi kidogo na kukisukuma kijiti bila kugusa mshipa. Lakini ulikuwa na kazi nyingine. Kijiti chake kilitengenezwa kisikatae. Ukikilaza kando ya kijiti chochote, hata cha mtu mwenye ndoa, chenyewe husema ndiyo, ndiyo tu, kama mgeni asiyejua lugha. Kwa hiyo taa ya kijiti chini ya ngozi isipowaka, hapana imetoka upande wa pili. Manesi walilijua hilo na waliapa kutolisema. Gwakisa hakuambiwa na mtu. Alikaa na viazi vyake, akafikiri, akafika.

Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba yeye na mkewe Tunsume walikuwa wamelaza mikono pamoja, kijiti kwa kijiti, wapate mtoto, mwezi baada ya mwezi, na taa haijawaka hata mara moja. Hakutaka ugomvi, alisema, wala hakutaka kumlaumu mtu.

"Nataka kujua tu kama ananiogopa."

Sekela alimtazama yule mtu mkubwa, akaona kwamba anasema kweli, na bado akakataa. Alimkumbusha jambo ambalo kila mtoto wa Lwandilo alilijua. Vijiti vya kwanza kabisa vilikuwa na kitufe, na mume na mke walikubali kwa kubonyeza. Haukupita muda wanawake wakawa wanabonyezewa vidole vyao kwa nguvu, wengine wakiwa wamefumba macho. Ndipo watengenezaji wakaacha vidole, wakaifuata damu. Hofu iliyokaa mwilini siku nyingi huacha alama kwenye damu, na kijiti huisoma alama hiyo. Akiogopa mmoja, hufungwa wote wawili, na taa iliyo chini ya ngozi haisemi ni yupi. Ingekuwa inasema, anayeogopa angerudi nyumbani kukutana na mkanda. Kwa hiyo desturi ikawa hivi: taa isipowaka, haiulizwi. Watu husema, "Mvua imepita mbali," huinuka, huenda kula.

"Giza lile ni ukuta, baba," Sekela alisema. "Nikikupa wewe mkono huu, nimeubomoa kwa kila mwanamke wa hapa. Na wewe mwenyewe, ukishajua, utafanya nini?"

Gwakisa akaitazama kofia yake kana kwamba jibu lilikuwa limefumwa ndani. Akashukuru, ndaga fijo, ingawa hakuwa amepewa kitu, akatoka akiinamisha kichwa chini ya kizingiti. Sekela akaurudisha mkono nyuma kabisa ya rafu, akaridhika na nafsi yake kama mtu aliyefunga zizi kabla ya chui kufika.

*

Kabla ya adhuhuri wakaja watoto wa darasa la saba, kama walivyokuja kila muhula, wakavua viatu vyenye matope na kukaa chini kwenye mkeka, wavulana wakijibana ukutani. Sekela alilipenda somo hili. Alichora ubaoni kwa mkono mmoja bila kuinua chaki, kwa jinsi alivyolizoea.

Huu ni mfuko wa uzazi, aliwaambia, na ukubwa wake si zaidi ya ngumi yako. Huku na huku kuna vifuko vya mayai. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine ukubwani. Akishavunja ungo, karibu kila mwezi yai moja hupevuka, hutoka, huingia kwenye mrija. Hapo hungoja siku moja tu, au pungufu ya hapo, maana yai halina subira. Mbegu za mwanamume ndizo zenye subira, zinaweza kukaa ndani ya mwanamke hata siku tano zikiwa hai. Ndiyo maana mtu anaweza kushika mimba kwa tendo la siku kadhaa kabla yai halijatoka. Mbegu moja ikilipata yai, viwili huwa kimoja, kile kimoja hugawanyika na kugawanyika kikiteremka, hadi kijipandikize kwenye ukuta wa mfuko. Yai lisipopata mwenzake, ukuta uliokuwa umeandaliwa hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu, si ugonjwa, na mvulana anayecheka ajue kwamba mama yake asingeipata yeye asingekuwepo.

Mvulana aliyekuwa anacheka akaacha.

Akawaeleza kazi ya kijiti. Cha msichana hutoa homoni inayolizuia yai lisipevuke. Cha mvulana hukaa mkononi vilevile, lakini huamuru kizibo kidogo kilichowekwa kwenye mrija wa mbegu. Wawili wakilaza mikono na taa ikawaka, vyote viwili hulegea kwa mwezi huo mmoja, kisha hujifunga tena. Akawaonyesha vitu vya bibi zao katika kisanduku cha kioo, vidonge vya kumeza kila siku, sindano, kitanzi cha kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Akawaonyesha na kondomu, ambayo haikuwa ya bibi zao tu. Kijiti huzuia mimba, hakizuii magonjwa, kondomu huzuia yote mawili ikivaliwa sawasawa, na anayewaambia vingine wamlete hapa kituoni aje abishane naye.

Aliendelea hadi miezi tisa. Alichora mtoto amejikunja, kichwa chini, akachora na kitovu. Hapo akaweka chaki.

"Basi. Kuna swali?"

Msichana mmoja aliyeitwa Lugano, mwenye kovu la moto shavuni, akainua mkono. "Sista, na kutoka anatokaje?"

"Hilo atawafundisha mkunga akipita."

"Mwaka jana dada yangu naye aliambiwa hivyo hivyo. Mkunga hakupita."

Watoto wakacheka kidogo. Sekela akachukua kitambaa na kuanza kufuta ubao, akianzia pale kwenye kichwa cha mtoto. Akawaambia muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha, na wao hawakubisha maana hakuna mtoto anayebishia kuachiwa mapema.

*

Ujumbe wa Ambokile aliukuta kwenye simu ya ukutani. Mume wake hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata haya machache yalikuwa yamepigwa randa. Anakuja na gari la waya linalopanda kutoka ziwani mchana. Hakuja kulaza mikono. Ameona ni vizuri watenganishwe kabla baridi haijazidi, na kwa kuwa mashine ya kutenganisha iko kwake Sekela, hawana haja ya kusafiri mbali. Atarudi ziwani na gari la mwisho.

Sekela alisoma akiwa amesimama. Alikuwa ametenganisha vijiti vya watu wengi, hata vya majirani. Unashika mashine juu ya mkono mmoja, halafu juu ya mwingine, inalia kidogo, na tangu hapo kila mtu yu huru kulaza mkono na mwingine. Kazi ya dakika chache. Hakuwahi kufikiri kwamba angewahi kujifanyia mwenyewe.

Huko uwandani mwanamke akishazaa hubadilika jina. Huwa Mama Ipyana, Mama Tumaini, na jina alilopewa na baba yake huwekwa kabatini. Sekela alibaki Sista. Alikuwa amewaona wanawake wa rika lake wakibadilika mmoja mmoja, akawapongeza wote, akawapelekea wengine supu. Na kila mwezi, juu ya meza ya jikoni, yeye na Ambokile walilaza mikono, na kila mwezi taa ilikaa giza. Mvua imepita mbali. Ambokile alisema hivyo kwa upole, akaenda kuchochea jiko.

Haiulizwi, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kujua. Sekela aliujua moyo wake. Alitaka mtoto tangu siku ya kwanza, alimtaka wakati wa kuamka na wakati wa kulala. Kwa hiyo aliyekuwa anakataa ni mwingine. Hesabu hiyo haikuhitaji chaki. Mwanzoni alilia kwa siri. Kisha akaacha kulia, akaanza kunyamaza. Akaacha kumngoja mumewe kwa chakula. Akaacha kuzicheka hadithi zake za kazini, hata zile nzuri. Ambokile alipopata kazi kwenye mitambo ya maji kule Ziwa Nyasa na kusema kwamba atakuwa akipanda juu mara moja kwa mwezi, Sekela alimfungia nguo bila neno, akajiambia: unaona, anakimbia. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya hadi alijizoeza kuzungumza na jiko.

Na sasa huyu aliyemkatalia miaka yote ndiye anayekuja kutaka kuachana. Hasira ikampanda, hasira ya kweli. Akataka kabla hajashika ile mashine awe na uhakika, ili siku za upweke zitakazofuata ajue ni kosa la nani. Akautazama mkono kwenye rafu. Alikumbuka vizuri sana aliyomwambia Gwakisa asubuhi. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini hakuna methali inayosema mganga hawezi kujipima.

Akafunga mlango. Akauweka mkono wa mpira mezani, akakunja shati, akalaza wake kando yake, kijiti kwa kijiti. Mpira ulikuwa baridi. Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha kabisa. Akangoja ile taa ya kijani iwake chini ya ngozi yake, imthibitishie kwamba yeye yuko wazi na alikuwa wazi siku zote.

Haikuwaka.

Akadhani ni baridi. Akaupasha mkono wa mpira kwa viganja vyake, akausugua kama mtu anayemsugua mtoto aliyetoka kuoga, akajaribu tena. Giza. Akachukua kipimo, akakipima kijiti chake, kikawa kizima, hakina kasoro. Akapima cha mpira, kizima. Akalaza mkono mara ya tatu, na mara hii hakuitazama taa, alitazama ukuta, na alipoteremsha macho ngozi yake ilikuwa ngozi tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa kitini akijiuliza anamwogopa nani. Si Ambokile, mtu ambaye hata kuku humwomba radhi kabla ya kumchinja. Akazunguka nyumba nzima ya maisha yake akifungua vyumba, na hofu hakuiona, hadi alipofika kwenye chumba kimoja ambacho alikuwa ameacha kukihesabu.

Subilaga alikuwa dada yake mkubwa. Alizaa hapa hapa, kwenye kitanda kile kile kilichoko nyuma ya pazia, Sekela akiwa nesi mpya, cheti chake kingali kinanuka wino. Mtoto alikaa vibaya, akatoka amekwishachoka, hakulia. Kisha damu ikaja. Ndege ya wagonjwa ilikuwa juu yao, waliisikia ikizunguka na kuzunguka ndani ya ukungu, haipati pa kutua. Sekela aliukandamiza mfuko wa uzazi kwa ngumi kama alivyofundishwa, akachoma dawa zote zilizokuwepo, na Subilaga alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba miguu yake imekuwa baridi. Ndege ikaondoka kabla ukungu haujaondoka.

Sekela hakulia. Jumatatu alirudi kazini, na watu wote wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Hata Ambokile, aliyemuoa baadaye, alijua tu kwamba kulikuwa na dada aliyefariki. Sekela alidhani jambo hilo limepita. Na kumbe damu yake ilikuwa ikilikumbuka siku zote, ikilisema kila mwezi juu ya meza ya jikoni, na yeye akilisikia kama sauti ya mumewe.

Sekela aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Baada ya aibu ukaja upweke, mbaya kuliko ule aliouzoea, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa na mtu wa kulaumiwa.

*

Ambokile alifika amelowa mabega. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja tangu mwezi uliopita, au pengine Sekela hakuwa amezitazama. Alileta dagaa wakavu wamefungwa kwenye gazeti, kama kawaida yake, akawaweka juu ya meza mbele ya mtu ambaye alikuwa amekuja kumwacha. Wakaulizana hali. Akaketi pale alipoketi Gwakisa, akakunja shati mwenyewe, akalaza mkono mezani.

Mashine ya kutenganisha ilikuwa tayari kwenye sinia. Sekela aliishika. Na hapo, akiwa ameinama juu ya mkono wa mume wake, aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Taa haisemi ni yupi. Hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa yeye na kipande cha mpira. Angeweza kubonyeza, ingelia kidogo, Ambokile angeondoka na gari la mwisho, na giza lile lingemfunika hadi kufa kwake. Ukuta alioulinda kwa ajili ya wanawake wenye hofu ulikuwa unamlinda na yeye, na alikuwa na haki nao kama mwanamke mwingine yeyote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini ndani yake swali lake mwenyewe la asubuhi lilikuwa limekaa, halitaki kuinuka. Ukishajua, utafanya nini?

"Nimetumia mkono wa mazoezi," alisema. "Ni mimi. Ninayekataa ni mimi."

Ambokile hakushtuka. Aliteremsha tu mkono wa shati hadi nusu, akauacha hapo.

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mimi nilikuwa nataka. Sasa nani mwingine?"

Ilikuwa hesabu ile ile. Kila mmoja ameipiga peke yake, upande wake wa meza, na kupata jibu la mwenzake. Tofauti ni kwamba la Ambokile lilikuwa sahihi, na alilibeba miaka yote bila kumnunia.

"Nilidhani unaniogopa mimi," Ambokile akasema. "Sikuona nimekufanya nini, lakini mtu hajioni. Nikasema nikikaa mbali pengine itapungua. Ndiyo maana nikaenda ziwani. Kila nikipanda, naona umezidi kuwa baridi. Mwezi uliopita nikasema, basi, huyu mtu nimwache, apate mwingine ambaye hamwogopi."

Sekela aliuona ule mwaka alipomfungia nguo, akauona na mwingine, na mwingine. Alimwadhibu mtu huyu kwa kosa ambalo hakulifanya, naye aliichukua adhabu hiyo, akateremka nayo bondeni, akiiita dawa. Akaiweka mashine kwenye droo na kuisukuma ndani. Kisha akaketi, akakunja shati, akalaza mkono wake kando ya mkono wa Ambokile, mkono wa moto, wenye nywele, wenye kovu la nyaya.

Wakangoja. Taa haikuwaka. Hofu iliyokaa miaka yote hiyo haiondoki kwa sababu umeiona.

Hapa ndipo mmoja wao alipaswa kusema kwamba mvua imepita mbali, wainuke. Ambokile alivuta pumzi ya kulisema, kwa mazoea. Sekela akamwekea kiganja juu ya mkono.

"Usiseme. Niulize."

Juu ya paa nyaya zilianza kuvuma, gari la mwisho lilikuwa linakaribia mnara wa Lwandilo, ambapo husimama kidogo tu. Ambokile alisikia, akainua macho kidogo, akayarudisha mezani. Alimtazama kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha wenyewe, maana tangu azaliwe hakuwa amemsikia mtu yeyote akiuliza swali hilo.

"Unaogopa nini, Sekela?"

Gari lilisimama, likangoja, likaondoka. Naye Sekela akaanza na jina la dada yake.